MZUKA AVULIWA KINYAGO

Somo la kusikiliza na kusoma, kwa madarasa ya watu wazima

  Wenye daftari, wekeni daftari mezani. Wale mnaoanza kusoma, fuateni maneno kwa kidole, nami nitasema polepole. Mahali penye neno gumu, mwalimu wa darasa atawasaidia.

Leo tutazungumza habari za mbwa. Si mbwa wa kulinda nyumba, wala si mbwa wa kuwinda. Ni mbwa wa kuchorwa kwa wino na rangi, na kazi yake ni kuogopa. Jina lake ni Scooby-Doo. Labda watoto wako au wajukuu wako wanamjua. Labda ulimkuta mtoto mbele ya televisheni anacheka, ukasema, "Mambo ya kitoto hayo!" ukaenda zako.

Leo nakuomba usiende. Katuni hiyo ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 13 Septemba, 1969. Watoto waliomtazama mbwa huyo siku ile sasa ni wazee, na wajukuu wao wanamtazama. Kitu cha kitoto kikidumu zaidi ya miaka 50, yafaa mtu mzima aulize: kina nini ndani yake?

HADITHI YENYEWE

Wapo vijana wanne na mbwa mmoja. Vijana ni Fred, Daphne, Velma na Shaggy. Fred hupanga mitego. Daphne ni msichana mwenye nywele nyekundu, na hatari humfuata kila aendako. Velma huvaa miwani, naye ndiye mwenye kufikiri sana. Shaggy ni mrefu, mwembamba, mwenye ndevu chache kidevuni. Yeye na Scooby hawapendi kitu kama chakula, wala hawachukii kitu kama mzuka. Wote watano husafiri katika motokaa moja yenye rangi za samawati na kijani.

Sasa sikilizeni hadithi ya kwanza kabisa, ile iliyoonyeshwa siku ile ya Septemba.

Ni usiku wa mbalamwezi. Shaggy na Scooby wanatoka sinema kwa miguu. Njiani wanakuta lori dogo limeachwa, halina dereva. Ndani yake imo deraya nyeusi, yaani vazi la chuma la askari wa zamani wa Ulaya. Deraya hiyo ilikuwa ikipelekwa kwenye makumbusho, yaani nyumba ya kuhifadhi vitu vya kale. Profesa aliyekuwa akiileta haonekani. Watu husema kwamba mwezi ukiwa mpevu, deraya hiyo hupata uhai ikatembea yenyewe. Na usiku, vijana wanapoingia katika makumbusho, deraya inawafukuza!

Je, wanafanya nini? Shaggy na Scooby wanakimbia. Lakini wakikimbia huku na huku, wanaona mambo. Wameokota miwani, wanauliza, ni miwani ya kazi gani, na ya nani? Picha moja haipo ukutani, halafu imerudi. Wanakuta rangi za kuchorea mahali wasipozitazamia. Kila kitu kidogo kinawekwa pamoja na kingine, kama herufi zinavyowekwa pamoja zikawa neno.

Mwishowe mzuka ananaswa. Wanavua kofia ya chuma. Chini yake ni nani? Ni Bwana Wickles, msimamizi wa makumbusho yale yale! Alikuwa akiiba picha za thamani na kuweka za bandia mahali pake. Yule profesa angalizitambua picha za uwongo, kwa hiyo alimficha. Kisha akavaa deraya ili watu waogope, wasije wakachungulia kazi yake.

Hadithi za mfululizo wa kwanza zilikuwa 25, nazo zilionyeshwa mwaka 1969 na 1970. Karibu zote zina umbo hilo hilo. Katika hadithi nyingine, mzuka wa mchimba dhahabu anawafukuza watu katika mgodi wa zamani. Wakivua kinyago, wanakuta ni mtu wa pale pale aliyegundua mafuta chini ya ardhi. Alitaka mwenye mahali ahame kwa hofu, ili yeye apanunue kwa bei ndogo.

ILIANZAJE?

Mwaka 1968 ulikuwa mwaka mgumu Marekani. Viongozi wawili, Martin Luther King na Robert Kennedy, waliuawa kwa risasi. Vita ya Vietnam ilikuwa ikiendelea. Wazazi wengi walichoshwa na mapigano katika televisheni, hata katika katuni za watoto za Jumamosi asubuhi. Basi Fred Silverman, mkuu wa vipindi vya mchana katika kampuni ya CBS, alitaka hadithi ya kusisimua isiyokuwa na mapigano. Kazi hiyo ilifanywa na waandishi wawili, Joe Ruby na Ken Spears, katika kampuni ya Hanna-Barbera.

Mwanzoni mbwa hakuwa mkubwa wa hadithi. Lakini wakubwa wa CBS walipoona michoro walisema inatisha mno kwa watoto. Ndipo mbwa akawekwa mbele na vichekesho vikaongezwa. Hofu ikabaki, lakini ikafungwa pamoja na kicheko.

Aliyemchora mbwa ni Iwao Takamoto, Mmarekani wa ukoo wa Kijapani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipokuwa kijana, yeye na jamaa yake walifungiwa katika kambi ya Manzanar, California. Maelfu ya watu walifungiwa kama wao, kwa sababu ya ukoo wao tu. Huko kambini ndiko Takamoto alikojifunza kuchora, akifundishwa na wafungwa wenzake. Alipotakiwa kumchora Scooby, alimwuliza mtu aliyejua mbwa wa aina ya Great Dane, mbwa wakubwa walioheshimiwa zamani kwa kuwinda nguruwe mwitu. Mtu yule akamweleza sifa za mbwa bora: mgongo ulionyoka, miguu iliyonyoka, kidevu kidogo. Takamoto akafanya kinyume chake. Akampa mbwa wake mgongo ulioteremka, miguu ya matege na kidevu kikubwa.

Tena katuni hii haikutengenezwa kwa fedha nyingi. Sinema huhitaji picha 24 kwa nukta moja, yaani picha 1,440 kwa dakika. Kuchora zote upya ni gharama kubwa. Kwa hiyo wachoraji wa Hanna-Barbera waliacha mwili umesimama, wakachora mdomo tu ukisema. Ukanda wa shingoni mwa Scooby ulifaa kuficha mahali kichwa kilipounganishwa na mwili. Na Scooby anapokimbia katika nyumba, tazama nyuma yake: dirisha lile lile na kiti kile kile hupita tena na tena!

KWA NINI HAICHOSHI?

Kumbe basi, si uzuri wa michoro uliodumisha katuni hii. Ni nini? Naona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni umbo lisilobadilika. Mtu mzima husema, "Nimekwisha jua mwisho wake." Mtoto husema, "Simulia tena!" Hata ngano za bibi tulizisikia mara nyingi, na tulikasirika bibi alipobadili neno moja. Mtoto akijua kwamba mwisho kinyago kitavuliwa, aweza kustahimili hofu ya katikati. Anaogopa, lakini anajua njia ya kutokea.

Sababu ya pili ni kwamba Shaggy na Scooby ni waoga kweli kweli. Hutetemeka, hujificha ndani ya pipa, hurukiana mikononi. Wenzao huwabembeleza kwa biskuti ndipo waende. Lakini huenda! Mtoto aogopaye giza anatazama, anasema moyoni, "Hata huyu aogopa kama mimi, na bado yumo katika kazi." Shujaa asiyeogopa kitu hawezi kumfundisha hilo.

Sababu ya tatu ni kubwa kuliko zote. Mzuka ni mtu, tena ni mtu mwenye faida yake. Ametaka fedha, ametaka ardhi, ametaka kuficha wizi. Hofu ya watu ndiyo ukuta aliojijengea. Na ukuta huo huangushwa na nini? Si bunduki. Huangushwa na vijana wanaouliza maswali. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika katuni hii ni fupi kiasi cha nusu saa.

Carl Sagan, mtaalamu wa nyota wa Marekani, aliisifu katuni hii kwa sababu hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1995. Alipenda kwamba kila jambo la ajabu huchunguzwa, na mwisho huonekana lina maelezo ya kawaida.

Lakini tuseme kweli yote. Katika miaka ya baadaye watengenezaji wengine waliingiza mizuka ya kweli, kama katika mfululizo wa mwaka 1985 na sinema ya mwaka 1998. Wapo waliopenda mabadiliko hayo. Mimi naona hadithi za kwanza zina nguvu zaidi. Mzuka wa kweli ukiondoka, umebaki na hofu yako. Kinyago kikivuliwa, umebaki na elimu.

NENO LA MWISHO

Ndugu mwanafunzi, somo hili si la watoto tu. Wewe uliyechelewa kusoma unajua hofu ni nini. Uliwekewa karatasi mbele yako ukaambiwa, "Tia kidole gumba hapa, mambo haya huyawezi." Ukatia. Karatasi ile ilikuwa kama deraya nyeusi: ilitisha kwa sababu hukuona ndani yake. Leo unajifunza kuona. Ukiambiwa tena, "Usiulize," simama kidogo ujiulize: huyu anayenikataza kuuliza apata faida gani?

Na jioni, mtoto akitazama Scooby-Doo, keti karibu naye. Kabla kinyago hakijavuliwa, mwulize, "Wadhani ni nani? Umeona dalili gani?" Huenda akakushinda. Usione haya. Kuuliza si ujinga.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.

MANENO YA LEO

Deraya: vazi la chuma la vitani.
Dalili: jambo dogo linaloonyesha jambo kubwa.
Kinyago: sura ya bandia ya kuvaa usoni.
Makumbusho: nyumba ya kuhifadhi vitu vya kale na vya thamani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Bwana Wickles alitaka kuficha nini?
2. Kwa nini wakubwa wa CBS walitaka mbwa awekwe mbele?
3. Je, mtu mwoga aweza kufanya kazi ya ushujaa? Toa mfano.
4. Andika sentensi mbili juu ya kitu ulichokiogopa zamani, ukaja kujua ukweli wake.