Mpwa Wangu na Mti Wenye Macho

Dada yangu alinituma Nairobi kwa jambo moja tu: nikamrejeshe mwanawe. Habari zilikuwa zimemfikia pale Mombasa, kwa vinywa vya watu wasiokosa safari, kwamba kijana wake, aliyekaa chuoni hata akahitimu, siku hizi yuko Kibera katika kijiji cha Raila, anatengeneza masanamu ya mashetani na kuwauzia Wazungu. "Kaka, nenda ukaone kwa macho yako," aliniambia. "Ikiwa ni kweli, usirudi peke yako." Nami, ndugu msomaji, nilipanda basi la usiku maneno yangu yakiwa tayari mdomoni.

Kijana alinipokea kituo cha Olympic, akanishika mkono akaubusu. "Shikamoo, mjomba." Nikaitikia, tukashuka kwa miguu. Kijiji hiki kimepewa jina la marehemu Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata tangu 1992 hadi 2013. Nyumba zake za mabati na udongo zimebanana hata mwenye mzigo hupita ubavu ubavu. Wengi husahau kuwa Kibera yenyewe ni neno la Kinubi, "kibra", maana yake msitu. Askari wa Kinubi, Waislamu waliotumikia jeshi la Kiingereza la King's African Rifles, waliwekwa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na wajukuu wao walingoja hadi 2017 ndipo wakapewa hati ya ekari 288. Miti imekwisha, jina limebaki. Nilifikiri haya nilipokuwa nikiruka mtaro, kwani riziki aliyoniambia mpwa wangu njiani ilikuwa ni kutengeneza miti.

Chumba chake kilikuwa kimoja, chenye dirisha dogo na meza ya mbao za masanduku. Juu ya meza palisimama kitu cha urefu wa shibiri. Kwa mbali ungesema ni kigogo kikavu kilichookotwa mtoni. Nikasogea. Matawi mawili yalikuwa yameinama kama mikono, mizizi imetanuka kama vidole vya miguu, na kifuani pa kigogo, palipo na kifundo, palikuwa na pua, mdomo, na mashimo mawili yaliyongoja macho.

"Huyu ni nani?"

"Si mtu, mjomba. Ni mti."

"Mti wenye pua?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Alinieleza kuwa huko Ulaya na Marekani wako watu wazima, wenye kazi na watoto, wanaocheza vita vya mezani kwa vinyago vidogo, na wengi wao hupenda kuvipaka rangi kuliko kuvichezea. Mti unaotembea ni kiumbe mashuhuri katika ngano zao. Mwingereza J.R.R. Tolkien aliwatia watu-miti wa namna hiyo katika riwaya yake kubwa iliyotoka 1954 na 1955. Familia moja ya kigeni hapo Nairobi ilimpa kijana kinyago cha plastiki akipake, ikaipenda kazi yake, ikataka zaidi. Baadaye akaiacha plastiki na kuanza kuchonga mwenyewe vipande vya mjakaranda wanavyovitupa wachongaji.

Nikamwambia asidhani jambo hili ni geni kwetu. Mmakonde Samaki Likankoa, huko Dar es Salaam, ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa "shetani" katika miaka ya 1950: mpingo uliopindwa hata usijue wapi unaishia mti na wapi anaanzia kiumbe. Nilitaka maneno hayo yawe lawama. Yeye aliyapokea kama sifa.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia. "Mjomba, mti una rangi gani?"

"Kahawia," nikajibu, kama ambavyo ungejibu wewe.

Akatoa rafuni kipande cha gome. Siku asizokuwa na kazi huenda mpaka msitu wa Ngong Road, hutazama, na huokota yaliyoanguka tu. Akakiweka kiganjani mwangu karibu na dirisha. Naapa kilikuwa kijivu kama majivu ya jikoni. Ndani ya nyufa kilikuwa cheusi, kwenye kingo cheupe cheupe, na upande mmoja ukijani. Kahawia ilikuwa pale kilipovunjika tu. Nimeishi na miti zaidi ya miaka hamsini na sikuwa nimeliona hilo.

Tangu hapo nilikaa kwenye kigoda nikamtazama akifanya kazi. Kwanza huchanganya vumbi la mbao na gundi nyeupe ya maseremala, akakipaka kigogo, na kabla hakijakauka hukikwaruza kwa msumari na mswaki mkuukuu. Mikwaruzo hufuata urefu wa mti, lakini penye kiwiko cha tawi huikunja, kwa sababu gome likipindwa hufanya makunyanzi kwa ndani na kupasuka kwa nje. Kikikauka, hukipaka chote rangi nyeusi isiyong'aa. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, aliwachora wanyama wake kwa rangi ya baiskeli inayometa, na ikawapendeza. Lakini gome likimeta, mti umekufa.

Halafu huja kazi ya subira. Huichovya brashi katika rangi ya kijivu, huifuta kitambaani hata ukadhani ameiondoa yote, ndipo huipitisha juu ya gome kwa wepesi, kama mtu afutaye vumbi kwenye msahafu. Rangi hushika matuta tu, nyufa zikabaki na weusi wake. Hurudia kwa kijivu cheupe zaidi, mara tatu au nne. Kisha huchukua maji ya rangi, mepesi kama chai ya rangi, yenye ukahawia na ukijani kidogo, akayaacha yatiririke yenyewe na kutuama yanapotaka. Kwa kipande cha sifongo ya godoro hudonoa yale madoa meupe-kijani yanayoota juu ya magome ya zamani. Majani ni vijani vidogo vya mjakaranda vilivyokaushwa. Vilivyo vidogo hasa hulingana na mti wa shibiri.

Kuvumwani, yale manyoya ya kijani, hufanya kwa vumbi la mbao lililotiwa rangi. Nilipomwona akilibandika pande zote nikashindwa kunyamaza. "Huota palipo na kivuli na njia ya maji," nikamwambia. "Palipo na jua hukauka." Akaniangalia, akakwangua upande mmoja.

Basi mimi niliyekuja kugomba nikajikuta ninamweleza habari za mkoko kule Tudor: unavyosimama juu ya mizizi yake kama kaa, unavyokuwa mweusi wa tope hadi maji yanapofika na mweupe juu ya hapo, na chaza waliouganda miguuni. Nikamweleza na ngozi ya mbuyu, iliyo kama ya ndovu, yenye wekundu kidogo jioni. Aliandika yote kwenye kipande cha katoni.

Tulikwenda kuswali Alasiri msikiti wa Makina. Tuliporudi ndipo nilipoyasema niliyotumwa. Aliyepata kukaa darsani anaikumbuka habari ya Ibn Abbas na yule mtu aliyekula kwa kazi ya kutengeneza picha: aliambiwa, akiwa hana budi, atengeneze miti na visivyo na roho. Na imepokewa pia kuwa sanamu ikiondolewa kichwa huwa kama mti. Mababu zetu hawakufa njaa kwa hayo. Milango ya Lamu na Unguja imejaa maua, minyororo na mitende, wakati mwingine samaki, tena wa mistari tu, na watu wanatoka mbali kuja kuitazama.

"Nayajua hayo, mjomba," alisema. "Kwa nini unadhani macho huyatia mwisho? Nikiyatia usiku, silali vizuri. Lakini anayenunua hanunui gome. Ananunua macho. Mti usio na uso atalipa nusu yake, na mwenye nyumba hapokei nusu."

Sikuwa na jibu la kodi. Nilimwambia amwulize mwenye elimu kuniliko mimi, nikampa nilichokuwa nacho mfukoni, na asubuhi nikapanda basi peke yangu, na amri ya dada yangu nimeivunja. Kijana alinifungia kimoja katika gazeti, mti mdogo usio na uso, uliosimama juu ya mizizi mirefu, mweusi chini na mweupe juu. Alikuwa ameufanya usiku huo nilipokuwa nimelala.

Baada ya juma moja alinipigia simu. Ule wenye pua aliuziba uso kwa vumbi na gundi, akaufanya kovu la tawi lililoanguka. Mteja alilipa nusu kama alivyohofia, akauchukua, kisha akaagiza mwingine mkubwa, lakini wenye macho. Hajamjibu bado.

Dada yangu aliupokea mzigo wake ukumbini bila ya kusema neno. Akaugeuza huku na huku, akiutafuta uso, asiuone. Akaugusa ule ukijani kwa ncha ya kidole.

"Na huu," akauliza, "hutiwa maji?"