Salvia, Ua Lisilokufa kwa Kiangazi

Ua liitwalo salvia watu wengi huling'oa wakidhani limekwisha kufa.

Katika nchi ya Mpanda, na Mkoa wote wa Katavi uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili, kisha huja kiangazi cha miezi kama sita. Mtu hupanda salvia wakati wa mvua, nayo huchanua hata wapita njia wakasimama kuitazama. Ifikapo Agosti majani hunyauka, vijiti hugeuka rangi ya udongo, na mwenyewe husema, "Ua langu limekufa." Lakini akikwaruza shina kwa ukucha karibu na ardhi, huenda akaona ubichi chini ya gome. Basi mmea huo umelala tu. Salvia tunazozieleza hapa si kama mahindi ya msimu mmoja. Shina lake huweza kuchipua tena mwaka hata mwaka.

Namna za salvia zapata elfu moja duniani, nazo ni jamaa za mrehani na kivumbasi. Shika shina lake, utaona lina pembe nne. Sugua jani, utanusa harufu kali. Harufu hiyo huwachukiza mbuzi, ingawa mbuzi mwenye njaa hatuwezi kumdhamini. Ijulikanayo sana ni ile nyekundu ya Brazili, lakini hiyo hutaka maji mengi na kivuli kidogo wakati wa adhuhuri. Kwa kiangazi cha Mpanda twapendelea Salvia leucantha ya Meksiko, ambayo maua yake ya zambarau ni laini kama mahameli, na Salvia farinacea yenye maua ya buluu.

Chagueni mahali penye jua tangu asubuhi. Adui mkubwa wa salvia si jua, bali ni maji yaliyotuama. Penye udongo mweusi wa mbuga inueni tuta kiasi cha shibiri moja, mchanganye na mchanga, na kati ya mche na mche iwe futi mbili. Samadi iwe kidogo, tena iliyooza vizuri. Ikizidi mtapata majani matupu. Nyasi za kufunika udongo zisiguse shina, maana mchwa wa nchi ile hawahitaji kukaribishwa.

Twajua kwamba maji ya kiangazi huchukuliwa kichwani kutoka mbali, wala hatutamwambia mama ayamwagie maua. Mche mchanga hauna budi kupata maji. Lakini ule uliokwisha kushika mizizi kwa mwaka mzima huridhika na maji yaliyooshewa mboga, mara moja kwa juma.

Ua la buluu lina ufundi wa ajabu. Nyuki aingizapo kichwa kutafuta maji matamu, husukuma kijiti kilichokaa kama mkono wa mizani. Ncha ya pili hushuka na kumpaka chavua mgongoni, naye huichukua mpaka ua jingine. Watu wa Inyonga, wanaofuga nyuki tangu zamani, watapenda kulitazama jambo hili. Kwenye maua ya zambarau mtamwona ndege chozi.

Maua yakinyauka, kateni vikonyo vyake ili mengine yatokee. Lakini ukataji mkubwa ungojee mwisho wa Oktoba, mawingu yaanzapo kukusanyika: punguzeni mmea wote mpaka shibiri moja juu ya ardhi. Mvua za kwanza zitauchipusha.

Machipukizi yakiisha kukomaa kidogo, kateni vipande vya inchi nne chini ya kifundo, ondoeni majani ya chini, mvichomeke katika mchanga wenye unyevu ndani ya kopo lililotobolewa, kivulini. Baada ya majuma matatu hivi vuteni kimoja taratibu. Kikikataa kutoka, kimeshika mizizi. Kipandeni upesi, mvua zingali nyingi, na vitakavyosalia mpeni jirani aliyeng'oa chake.