Mukoma wa Ngugi: Jina kubwa halikuandikii kitabu

Ukisikia 'wa Ngugi' najua unachowaza: huyu alizaliwa katikati ya vitabu, kwake mambo ni rahisi. Hebu ngoja kwanza.

Mukoma alizaliwa Marekani mwaka 1971, akalelewa Limuru. Alikuwa mtoto wa miaka sita hivi babake, Ngũgĩ wa Thiong'o, alipotiwa kizuizini mwishoni mwa 1977, mwaka uleule tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ilipochezwa Kamĩrĩĩthũ. Kwao kalamu haikuleta sifa tu. Ilimfungisha mzazi.

Bado akaishika. Alitoa mashairi, kisha akageukia riwaya za upelelezi: Nairobi Heat, halafu Black Star Nairobi. Mwaka 2009 hadithi yake fupi iliingia orodha ya mwisho ya Tuzo ya Caine. Ndugu zake Wanjiku na Nducu nao wana riwaya zao.

Lakini kinachokuhusu wewe ni hiki. Mwaka 2014, Mukoma na Lizzy Attree walianzisha tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell. Imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Washindi wa kwanza, mwaka 2015, walikuwa Anna Samwel Manyanza kwa riwaya ya Penzi la Damu, na Mohammed Khelef Ghassani kwa diwani ya N'na Kwetu.

Kwa hivyo ile stori uliyoiacha nusu kwenye simu, imalize. Mswada hausomwi kwa jina la babako.