Mgonjwa wa Misuli Aeleze Anavyojisikia

Mwili wetu una kinga. Kazi yake ni kupigana na vijidudu vya magonjwa. Lakini kwa watu wachache kinga hiyo hugeuka na kushambulia misuli ya mwili wenyewe. Misuli huumia na kulegea. Ugonjwa huu huitwa mayositisi. Hauambukizi. Wala si uvivu.

Mgonjwa hupata shida kuinuka kwenye kigoda, kupanda mlima au kujitwisha ndoo ya maji. Wengine hutokwa na vipele kwenye kope na kwenye vifundo vya vidole. Wengine hupaliwa wanapomeza chakula.

Daktari hupima damu. Hupima pia nguvu za mikono na miguu. Vipimo hivyo ni vya lazima, lakini havioni kila kitu. Mtu anaweza kuusukuma mkono wa daktari vizuri, kisha nyumbani akashindwa kumaliza kutwanga kinu kimoja cha mahindi.

Kwa sababu hiyo, watafiti waliwauliza wagonjwa wenyewe katika nchi za Uswidi, Marekani na Korea Kusini. Mwaka 2018 madaktari, watafiti na wagonjwa walikubaliana kuwa mgonjwa aulizwe hasa mambo manne:

1. Uchovu.
2. Maumivu.
3. Hali ya misuli, kama kulegea.
4. Kiasi cha kazi na mwendo anaoweza kila siku.

Basi, ukiwa na ugonjwa huu, usimjibu daktari, "Sijambo kidogo," ukanyamaza. Mwambie: "Mwezi uliopita nilibeba ndoo nzima. Sasa nabeba nusu. Nikienda kisimani napumzika mara tatu." Maneno hayo yatamsaidia kujua kama dawa inakufaa.

Umejifunza kuandika. Andika mambo hayo katika daftari kila juma, uende nalo hospitali.

Usiache dawa ghafla bila kumwuliza daktari. Ukipaliwa mara kwa mara, au ukipumua kwa shida, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadili
1. Taja mambo manne ambayo mgonjwa wa misuli aulizwe.
2. Je, kijijini kwenu yuko mtu anayeitwa mvivu, kumbe anaumwa? Mtamsaidiaje afike hospitali?