Mtoto Anayeogopa Macho ya Watu



Juma lililopita, nyuma ya kipindi cha asubuhi, mama mmoja alitungoja kwenye mlango wa redio, simu mkononi. Kijana wake ana miaka 11. Nyumbani anasimulia hadisi mpaka taa inazimwa, lakini kwenye masomo hajibu hata akiulizwa jina lake. Mwalimu ameandika kwenye buletini kwamba ni mvivu. Dada ya yule mama anaishi Uholanzi, naye alimtumia ujumbe wa sauti: huku watoto wenye woga wa namna hiyo wanafundishwa kwa njia ya intaneti, kuna mazoezi ya nyuso wanayofanya kwenye kompyuta, nunua mega umtafutie mtoto. Mama akatuuliza: «Papa Pasta, hiyo ni dawa ya kweli, ao ni kuniuzisha mega bure?»

Tulimwomba atupe siku chache. Sisi si wanganga. Tumesoma, tumemwuliza pia ndugu mmoja muuguzi, na tumeona kwamba jibu ni refu kuliko ndiyo ao hapana. Tunaliandika hapa kwa sababu katika kila kanisa kuna mtoto wa namna hiyo, na mara nyingi anaketi kwenye benchi ya nyuma kabisa.

Kila mtoto anaona haya mbele ya mgeni. Baada ya dakika chache inaisha. Mtoto tunayemsema ni mwingine. Yeye anaogopa kutazamwa. Anaogopa kwamba akifungua kinywa watu watacheka, ao watamwona mjinga. Siku ya kusoma mbele ya darasa tumbo linamuuma tangu asubuhi, mikono inatoka jasho, anaomba abaki nyumbani. Wengine hawawezi kula mbele ya watu. Wengine wanapita njia ya mbali ili wasikutane na watu wa kusalimia. Mara nyingi woga huu unaanza wakati mtoto anaelekea kuwa kijana, anapoanza kujiuliza wengine wanamwazia nini. Hauna uhusiano wowote na akili ndogo. Mara nyingi jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wake, woga ukalifunga.

Wataalamu wanaeleza kwamba akili ya mtoto huyo ni kama sentineli aliyeibiwa usiku mmoja: tangu hapo kila kivuli kwake ni mwizi. Darasani kuna watoto 40. Wengi wanatazama daftari zao, wawili wanacheka, mmoja amekunja uso. Macho ya mtoto mwoga yanakimbilia ule uso uliokunjwa na kubaki hapo. Na wale wawili wanaocheka? Anaamini wanamcheka yeye, hata kama wanacheka mbuzi aliyepita dirishani. Kwa hiyo kuna desturi mbili mbaya pamoja: ya kuchagua cha kutazama, na ya kutafsiri kile kilichoonekana. Yote inafanyika upesi sana, mtoto mwenyewe hajui.

Mazoezi ya kompyuta yalizaliwa hapo. Mwaka 1986 Colin MacLeod, Andrew Mathews na Philip Tata walitangaza namna ya kupima desturi ile ya kwanza. Maneno mawili yanatokea kwenye kioo cha kompyuta, moja la kutisha, moja la kawaida. Yanapotea, na nukta ndogo inaonekana mahali pa neno moja. Mtu anabonyeza kidude mara tu anapoiona. Wenye wasiwasi mwingi waliiona nukta upesi zaidi ilipotokea pale palipokuwa na neno la kutisha, kwa sababu macho yao yalikuwa yamekwisha kufika hapo. Baadaye wengine walitumia nyuso mahali pa maneno: uso wa hasira na uso mtulivu. Kisha wakajiuliza: kama desturi hii inaweza kupimwa, je, haiwezi kufundishwa upya? Wakaiweka nukta nyuma ya uso mtulivu kila mara, mamia ya mara, ili macho yazoee kwenda upande ule.

Zoezi la pili ni la kutafsiri. Mtoto anasoma hadisi fupi: umesimama kusoma, wenzako wa nyuma wanacheka. Neno la mwisho limekosa herufi moja, naye anapoijaza, hadisi inaisha vizuri: walikuwa wanacheka juu ya picha waliyochora. Anafanya hadisi nyingi za namna hiyo mpaka akili ijue kwamba kicheko kinaweza kuwa na sababu kumi, na si lazima yeye awe mojawapo.

Wazo ni zuri. Je, linafanya kazi? Hapo Uholanzi kwenyewe, kule anakoishi dada ya mama yetu, walipima. Walichukua vijana 240 wa miaka 13 mpaka 15, wote wenye woga mkubwa wa watu ao wa mitihani. Vijana 86 walifanya mazoezi ya intaneti nyumbani, mara 20. Wengine 84 walikutana kwenye masomo yao, kikundi kwa kikundi, mara 10, wakifundishwa na mtu, kisha wakipewa kazi ya kufanya nyumbani. Wale 70 waliobaki hawakupewa kitu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Baada ya miezi sita, waliokutana kwa vikundi walikuwa na woga mdogo wa watu kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Wa intaneti walielekea upande huo huo, lakini tofauti yao ilikuwa ndogo, mtu hawezi kuiapia. Mwaka mmoja ulipopita, hata tofauti ya vikundi haikuonekana tena: wote walikuwa wamepata nafuu, hata wale ambao hawakufundishwa. Kwa woga wa mitihani, lakini, mazoezi ya intaneti yalisaidia zaidi kuliko kutokufanya kitu, na msaada huo ulidumu. Basi dada ya mama hakudanganya. Ila kile alichokiita dawa ni msaada mdogo.

Kuna habari nyingine ya Stockholm, Uswidi, na hii ndiyo imetufundisha zaidi. Mwaka 2021 ilitangazwa kazi iliyofanywa na watoto na vijana 103 wa miaka 10 mpaka 17 wenye woga huu kwa kiasi cha ugonjwa. Wao pia walisaidiwa kwa intaneti. Lakini hawakuachwa peke yao na nyuso za kwenye kioo. Kila mtoto alikuwa na mtaalamu aliyemfuata juma kwa juma, akimwandikia na kuzungumza naye kwa video. Wazazi walikuwa na masomo yao wenyewe. Kundi moja lilipewa mazungumzo ya kutiwa moyo. Kundi lingine lilifundishwa kufanya lile lile linaloogopwa, kidogo kidogo, katika maisha ya kweli: kumwuliza muuzaji bei, kuinua mkono darasani, kupigia simu rafiki. Kundi hili la pili ndilo lililopona zaidi.

Tufikiri vizuri juu ya jambo hili, sababu nyumbani kwetu tunafanya kinyume chake kila siku. Mgeni anaingia, anamwuliza mtoto: «Unaitwa nani?» Mtoto anainama. Mama anajibu mahali pake: «Ni Espérance, ana haya huyu.» Mama amefanya kwa upendo. Mtoto anapumua, woga unashuka pale pale. Lakini akili yake imejifunza kitu: nilinyamaza, nikaokoka. Kesho itamwambia anyamaze tena. Kila kukimbia kunaongeza deni, na riba yake ni kubwa. Kumlazimisha kwa ghafula nako hakumfai: mtoto anayesukumwa mbele ya watu 300 anarudi na hakika kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Njia iko katikati, nayo ni ngazi. Anaanza kwa kumwambia mgeni «jambo» huku ameshika kitenge cha mama. Juma lingine anataja jina lake. Juma lingine anatumwa chumvi kwa jirani, peke yake, na mama anangoja barabarani. Kila kipandio anarudia mpaka kimzoee, ndipo anapanda kinachofuata. Na mama anajifunza kazi ngumu kuliko ya mtoto: kuhesabu mpaka kumi kimoyomoyo bila kujibu mahali pake.

Sasa tuungame jambo letu wenyewe. Katika miaka yetu ya kwanza ya kazi ya Bwana, siku ya Yenga ya watoto, tuliita mtoto msichana wa miaka kama 10 asome mstari kwa moyo. Alisimama, akatazama chini, hakutoa hata sauti. Tukangoja, tukamhimiza, watu wakaanza kunong'ona. Ndipo tukasema katika mikrofoni kwamba mtoto huyu amefungwa na roho ya bubu. Tukamwekea mikono, kanisa zima likaomba kwa sauti kubwa. Alilia mpaka akatapika. Hakurudi tena kwenye Shule ya Jumapili, na kabla ya mwezi kuisha mtaani walikuwa wanasema ana uchawi. Bibi yake ndiye aliyekuja kwetu. Hakukasirika, na hilo lilituuma zaidi. Alisema: «Papa Pasta, huyu mtoto anaimba nyumbani tangu asubuhi. Bubu anaimba? Ni macho ya watu anaogopa.»

Tulizunguka nyumba kwa nyumba kurudisha maneno yetu. Neno likisha kutoka katika mikrofoni ya kanisa, kulirudisha ni kazi. Watumishi wenzetu tunawakumbusha kwamba Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 inaweka azabu. Lakini hata pasipo sheria, tulipaswa kuuliza nyumbani kwanza. Swali moja tu lilitosha: akiwa kwenu, anasema? Musa naye alijitetea kwamba kinywa chake ni kizito. Mungu alikasirika, ni kweli, someni Kutoka sura ya 4. Lakini alimpa Haruni wa kusimama naye, na kazi ikaendelea. Tunaendelea kuwaombea watoto hawa. Tunawaombea nyumbani mwao, kwa sauti ya chini, mtoto akiwa amekubali.

Walimu wa Shule ya Jumapili wanatuuliza wafanye nini na mashairi na mistari ya sikukuu. Msimwondoe mtoto mwoga kwenye orodha. Mwulizeni achague: kusema pamoja na wenzake watatu, kusoma kwenye karatasi mahali pa kusema kwa moyo, kushika bendera, kufungua mlango wa kwaya. Mwambieni mapema siku atakayosimama, asishituliwe. Akikosea, endeleeni na programu; kupiga makofi mengi ya huruma kunamchoma kama kicheko.

Lile zoezi la kutafsiri hadisi, tena, halihitaji kompyuta wala umeme. Jioni, wakati wa kuchagua maharagwe, mwambie mtoto: jirani alipita bila kusalimia, ni kwa nini? Atasema: ananichukia. Mwambie atafute sababu nyingine mbili. Labda jino linamuuma. Labda anafikiria deni lake. Msicheke sababu anazoleta, hata zikiwa za ajabu, na wewe ulete zako.

Kuna watoto ambao ngazi ya nyumbani haiwatoshi. Yule ambaye ni mwezi na zaidi hasemi hata neno moja kwenye masomo, yule aliyeacha masomo kwa sababu ya woga, yule asiyelala ao anayesema heri afe: mpelekeni kwenye kituo cha afya, mkaombe kuonana na mtaalamu wa mambo ya akili. Wapimeni masikio pia. Mtoto asiyesikia vizuri ao mwenye kigugumizi anaweza kunyamaza kwa sababu nyingine kabisa. Na mtoto aliyeanza kuogopa watu kwa ghafula, ambaye zamani hakuwa hivyo, aulizwe polepole kama kuna mtu aliyemtendea vibaya.

Kuhusu mega, tulimjibu mama hivi: kama siku moja atapata programu yenye mtu wa kweli anayemfuata mtoto na kumtuma kujaribu mambo nje ya nyumba, afanye. Kama ni nyuso na nukta tu, haitamwumiza mtoto, lakini asiuze kuku wake kwa ajili ya hiyo. Siku iyo hiyo tulikwenda naye kuonana na mwalimu, yule wa buletini. Alisikiliza zaidi kuliko tulivyotazamia. Akasema hata yeye alikuwa hivyo alipokuwa mdogo. Wamepatana kwamba Jumatatu kijana atasoma mstari mmoja, akiwa ameketi, na mwalimu amesimama karibu na benchi yake wakati wenzake wanaandika. Juma litakalofuata, mistari miwili.