Papa Darasani: Maelezo kwa Waalimu wa Madarasa ya Chini, Kamati za Skuli na Wazee

Waalimu wa madarasa ya chini katika skuli za pwani wamekuwa wakiuliza namna bora ya kuwasomesha watoto wadogo habari za papa. Suali hilo si dogo. Mtoto wa Visiwa hivi hukutana na papa kabla ya kukutana na kitabu: humwona amelazwa juu ya sakafu ya soko, humwona amepasuliwa na kutiwa chumvi, na humsikia akitajwa na watu wazima wanapotaka kumzuia asiogelee mbali. Kwa hiyo anapoingia Darasa la Kwanza huwa anajua mambo mawili tu, kwamba papa huliwa na kwamba papa hula. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ziara ya darasani inavyoweza kumwongezea mtoto huyo elimu kwa njia ya mikono yake, vitu gani vipelekwe, na tahadhari gani ichukuliwe ili heshima ya mzee aliye mvuvi isivunjwe mbele ya mwanawe.

Ziara ya darasani maana yake ni kwamba mtu mwenye ujuzi wa bahari, awe afisa uvuvi, mtaalamu wa viumbe vya baharini au mvuvi wa siku nyingi, anakwenda skuli akiwa na vitu halisi vya kuonyesha na kushikwa. Ipo njia nyengine, nayo ni kuwapeleka wanafunzi wenyewe baharini, kama inavyofanywa katika kisiwa cha Chumbe, kilichohifadhiwa tangu mwaka 1994 na ambako wanafunzi wa Zanzibar wamekuwa wakipelekwa kujifunza habari za matumbawe. Njia hiyo ni nzuri mno. Lakini boti inachukua watoto wachache, na mtoto wa miaka sita si mtu wa kupandishwa chomboni na kushushwa bila ya matayarisho makubwa. Kikapu cha vitu vilivyokauka kinaweza kufika Nungwi, Jambiani, Kojani au Makoongwe kwa gharama ndogo sana.

Kitu cha kwanza kupelekwa ni kipande cha ngozi ya papa iliyokauka. Mtoto aambiwe apitishe kiganja kutoka upande wa kichwa kwenda mkiani, naye ataona ni laini. Kisha arudishe kiganja kinyume chake, na hapo atashtuka, kwa kuwa ngozi inakwaruza. Sababu ni kwamba ngozi hiyo imejaa vijino vidogo mno visivyoonekana vizuri kwa jicho, vyote vikielekea mkiani, na ndivyo vinavyosaidia maji kupita juu ya mwili wa papa kwa wepesi. Katika nchi nyingi maseremala walitumia ngozi ya papa na ya taa kulainishia mbao kabla ya karatasi za dukani. Hapa kwetu jina lenyewe la msasa linatokana na mti ambao majani yake hukwaruza namna hiyo hiyo. Mwalimu akipata jani la msasa bichi na aliweke kando ya ngozi ya papa, watoto wapapase vyote viwili.

Somo la pili halihitaji kikapu. Kila mtoto ashike sikio lake na alikunje, kisha ashike ncha ya pua. Sehemu hizo ngumu-laini si mfupa, ni gegedu, na kiunzi chote cha papa kimejengwa kwa gegedu namna hiyo. Papa hana mfupa hata mmoja. Hapo ni vyema pakawepo na samaki mwengine wa kulinganisha, mathalan changu mmoja kutoka sokoni, ili watoto waone miiba yake, na waone kwamba changu ana kifuniko kimoja kila upande wa kichwa mahali pa kupumulia, ilhali papa walio wengi wana mipasuko mitano iliyo wazi.

Ama taya, hilo ndilo litakalowakusanya watoto wote mbele kwa pamoja, na kwa hiyo lisitolewe mwanzo. Lifungwe juu ya ubao, lishikwe na mtu mzima, na watoto wapite mmoja mmoja. Wasihesabu meno ya safu ya mbele tu. Watazame ndani, waone safu za nyuma zilizolala zikingoja zamu. Jino la papa likingʼoka, la nyuma yake husogea mbele, na katika umri wake papa huweza kubadilisha meno maelfu. Watoto wa umri huu nao wanangʼoka meno, tena wengi wao wana mapengo siku hiyo hiyo ya ziara, kwa hiyo jambo hili hulifahamu upesi kuliko watu wazima.

Wapo watakaouliza kwa nini papa ananuka. Waalimu wengine huona haya kulijibu suali hili, na hakuna sababu ya kuona haya. Papa huhifadhi katika damu na nyama yake kitu kile kile kinachopatikana katika mkojo, nacho humsaidia asikaushwe na chumvi ya bahari. Akishakufa, kitu hicho hugeuka na kutoa harufu kali inayochoma pua. Ndiyo maana wavuvi humwahi kwa kisu na chumvi. Na ndiyo maana pia papa mkavu alikuwa bidhaa ya masafa marefu: majahazi ya kaskazi kutoka Hadhramaut na pwani ya Somalia yalikuwa yakimleta hadi Unguja, na harufu yake ikitangulia kufika kabla ya nakhodha.

Kuna jaribio jengine dogo linalopendeza. Papa hana kibofu cha hewa kama samaki wengine. Kinachomsaidia asizame upesi ni ini lake kubwa lililojaa mafuta. Mwalimu achukue vichupa viwili vidogo vya plastiki, kimoja akijaze mafuta ya kupikia na cha pili akijaze maji ya chumvi yenye mchanga kidogo, avifunge na kuvitia katika ndoo ya maji. Kimoja kitaelea na cha pili kitakwenda chini. Baada ya hapo watoto watumwe nyumbani wakawaulize mababu: sifa ni nini? Wazee wengi wa pwani wanayakumbuka mafuta hayo ya ini la papa, yaliyopakwa mbao za vyombo zisipasuke kwa jua na zisiliwe na wadudu. Mtoto atakayerudi na jibu hilo atakuwa amepata somo kutoka kwa mtu wa nyumbani kwao, na darasa litajua kwamba elimu ya bahari haikuanzia kwa mgeni aliyekuja na kikapu.

Kwa upande wa ukubwa, tunashauri vipimo vya asili vitumike, kwa kuwa mtoto anavyo mwilini mwake. Papa mdogo kuliko wote wajulikanao, ambaye anaishi katika bahari ya Karibi, hazidi shibiri moja ya mtu mzima. Mtoto mchanga wa pingusi, yule papa mwenye kichwa kama nyundo, huzaliwa akiwa na urefu wa karibu na dhiraa moja. Papa shilingi, ambaye katika kisiwa cha Mafia huonekana karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, hufika pima sita na kuzidi. Kamba ya urefu huo ikitandazwa uwanjani, watoto walale juu yake mmoja baada ya mwengine, kichwa kwa miguu, mpaka wafike mwisho. Hapo ndipo waambiwe kwamba jitu hilo lote linaishi kwa kula vijidudu na visamaki vidogo vinavyochujwa majini. Wahenga walisema kuwa avumaye baharini ni papa, kumbe wengi wapo; mtoto aliyelala juu ya kamba ile atajua kwamba hata miongoni mwa papa wenyewe wapo wengi. Aina zilizokwisha kutambuliwa duniani zinapindukia 500.

Sasa tufike kwenye jambo lililo zito zaidi, nalo ni uzazi. Mwalimu aweke mbele ya darasa sinia mbili. Katika sinia ya kwanza amwage kibaba kizima cha mchanga mkavu, na watoto waambiwe kwamba hayo ni mayai ya chewa mmoja, yasiyohesabika. Katika sinia ya pili aweke kete kumi. Hao ni watoto wa papa mmoja mkubwa kwa mimba moja. Zipo aina zinazozaa wawili tu, na zipo zinazofikisha makumi, lakini hakuna papa anayekaribia ile sinia ya mchanga. Mimba za papa wengi wakubwa huchukua miezi tisa hadi mwaka, na aina nyingi hazianzi kuzaa mpaka zitimize miaka kumi au zaidi. Baadhi hutaga mayai badala ya kuzaa, na mfuko wa yai, wa rangi ya kahawia iliyoiva na ukubwa wa kiganja, mara nyengine huokotwa ufukweni. Ukipatikana na utiwe kikapuni. Kisha mwalimu aondoe kete moja baada ya moja, polepole, bila ya kusema neno. Watoto wa miaka saba wanajua kutoa. Sinia ya pili itakapobaki na kete mbili, watasema wenyewe.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoyafikisha mambo hapa yalipo. Uchunguzi wa wataalamu uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kuwa idadi ya papa na taa wa bahari kuu duniani ilipungua kwa asilimia 71 kati ya mwaka 1970 na 2018, na mwaka huo huo ikaelezwa kwamba zaidi ya thuluthi moja ya aina zote za papa na jamaa zao zimo hatarini kutoweka, sababu kubwa ikiwa ni kuvuliwa kupita kiasi. Tanzania ni mwanachama tangu mwaka 1979 wa mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na mkataba huo uliwaingiza pingusi watatu wakubwa katika orodha yake mwaka 2013, kisha mwaka 2022 ukaingiza ukoo mzima wa papa ambao ndio unaofanya sehemu kubwa ya biashara ya mapezi. Takwimu hizi ni za mwalimu na mzee. Mtoto zinamtosha kete.

Na hapa ndipo ilipo tahadhari tuliyoitaja mwanzo. Katika darasa lolote la pwani wamo watoto ambao daftari na viatu vyao vimetoka katika jarife la baba. Mtoto wa namna hiyo, baada ya kuona kete zikiondolewa, anaweza kunyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, kwani baba ana makosa?" Ziara nzima husimama au huanguka juu ya jibu la suali hilo. Mgeni asije akamfanya mtoto kuwa mjumbe wa kumkanya baba yake. Mvuvi anatafuta rizki ya halali, na papa wa dunia hawakupunguzwa na ngalawa na mashua za vijiji vyetu peke yake, bali pia na meli kubwa za mataifa mengi na bei kubwa ya mapezi katika masoko ya mbali. Ikiwa kuna aina isiyoruhusiwa au wavu usiofaa, mazungumzo hayo yana mahali pake, napo ni dikoni, baina ya afisa uvuvi, Bwana Diko na wavuvi wenyewe, watu wazima kwa watu wazima. Mtoto ajibiwe kwamba baba yake anaijua bahari, na kwamba akamwulize papa wa siku hizi anapatikana umbali gani, na babu alikuwa akimpata wapi.

Kwa sababu hiyo hiyo tunaona, na hili tunalisisitiza, kuwa mgeni asiende peke yake. Aongozane na mvuvi mzee wa kijiji hicho. Watoto watamwamkia shikamoo kwa heshima wanayoijua, naye atawaeleza kwa lugha ya kwao yale ambayo mtaalamu atayaeleza kwa shida. Ni mvuvi anayejua kwamba si kila papa mdogo aliyefungwa kitita sokoni ni mtoto, kwani zipo aina ambazo ukubwa wake wote hauzidi dhiraa mbili. Na ni yeye anayejua pia ni maji gani ya kina kifupi ambamo papa wakubwa huja kuzaa, na kwamba wavu ukitandwa huko hutoa wachanga watupu. Neno hilo likisemwa na mzee wa kijiji lina uzito wake.

Kuhusu hofu, isidharauliwe wala isikuzwe. Duniani kote, katika miaka ya karibuni, watu wanaouawa na papa bila ya kumchokoza ni takriban sita kwa mwaka. Mtoto aelezwe hivyo, na papo hapo aelezwe kwamba haogelei peke yake, haogelei usiku, wala haogelei karibu na mahali samaki wanapopasuliwa.

Mwalimu Mkuu anayekusudia kupanga ziara anashauriwa kumwandikia Afisa Elimu wa Wilaya yake mapema, na kumpelekea nakala Afisa Uvuvi pamoja na Sheha. Asiuliwe papa kwa ajili ya somo. Vitu vyote vipatikane kutoka kwa wale waliokwisha kushushwa dikoni. Vielelezo vilivyohifadhiwa katika dawa visishikwe na watoto kabisa. Muda usizidi dakika 40, na mkondo wa asubuhi ndio ufaao, kwa kuwa mchana watoto wengi wanakwenda chuoni. Darasa kubwa ligawanywe makundi ya watoto wasiozidi 15, wakae chini kwa duara juu ya mikeka. Skuli itayarishe ndoo mbili za maji, sabuni na kitambaa safi, na kila mtoto anawe mikono kabla ya kutoka.