Umbali wa Ndege Si Muda wa Safari

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi kidogo katika ukurasa huu ili niwatahadharishe wananchi wenzangu juu ya jambo lililonikosesha kumzika baba yangu.

Mimi ni mwalimu hapa Mtwara, na kwetu ni Bukoba. Baba alipofariki mwaka jana, ndugu zangu walinipigia simu usiku wakaniuliza nitafika lini ili wapange mazishi. Nilitazama katika simu nikaona kuwa kutoka uwanja wa Mtwara hadi wa Bukoba ni kilomita 1,360 hivi, na kwamba ndege hutumia muda usiozidi saa mbili. Nikawajibu kuwa kesho yake mchana nitakuwa nyumbani. Wazee wakapanga kuzika saa 10 jioni.

Kumbe kilomita hizo ni za mstari ulionyooka juu ya ramani, na muda ule umepatikana kwa kuzigawa kwa mwendo wa ndege ya jeti, yaani kilomita 800 kwa saa. Ndege niliyopanda kwenda Bukoba ilikuwa ya pangaboi, na ndege za namna hiyo huenda kilomita 500 hadi 650 kwa saa. Isitoshe, tiketi yangu ilipitia Dar es Salaam: Mtwara hadi Dar es Salaam yapata kilomita 400, kisha Dar es Salaam hadi Bukoba kilomita 1,020 hivi.

Ukijumlisha utaona kuwa kupitia Dar es Salaam kuliongeza kilomita 60 tu. Basi kilichonichelewesha si urefu wa njia, ni kungoja. Nilipotua Dar es Salaam, ndege ya Bukoba ilikuwa imekwisha ondoka, nikalala huko. Asubuhi yake tukangojeshwa tena kwa sababu ya mawingu mazito huko Bukoba. Kwa hilo simlaumu rubani. Sote tunakumbuka ndege iliyoanguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, hali ya hewa ikiwa mbaya, wakafa watu 19 kati ya 43 waliokuwamo. Heri kuchelewa.

Nilipofika nyumbani nilikuta kaburi limekwisha fukiwa kibanjani. Wazee walinisubiri jana yake mpaka giza likaanza kuingia, ndipo wakazika nami sipo. Hawana kosa, walishika ahadi niliyowapa.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, wauza tiketi wamweleze abiria saa ya kuondoka na saa ya kufika mwisho wa safari, pamoja na muda wa kungoja njiani, siyo muda wa kuwa angani peke yake. Pili, wapanga ratiba wajitahidi ili abiria wa asubuhi kutoka kusini aiwahi ndege ya kwenda Kanda ya Ziwa siku hiyo hiyo. Tatu, sisi wananchi tusiwaahidi walio nyumbani saa ya kufika kabla hatujaishika tiketi mkononi. Ningalifanya hivyo, ndugu zangu wangaliahirisha mazishi kwa siku moja, nami ningalitia udongo kaburini kwa baba.

Msomaji wako,
Mwalimu,
Mtwara.